Msaada wa Mgeni na Baraza la Mwenyeji

Liko swali moja ambalo tumelichukua moyoni siku nyingi, nalo si swali la wenye elimu kubwa peke yao, maana lamgusa kila mtu aketiye barazani kijijini kwake. Swali lenyewe ni hili: watu waliovurugwa na vita, ambao mashauri yao yamevunjika na wakubwa wao wametawanyika, je, wageni wa mbali waweza kuwasaidia wapate kujitawala tena? Na kama waweza, wafanyeje hata msaada wao usiwe utawala mwingine uliovikwa kanzu ya urafiki?

Kwa kusikia mara ya kwanza swali hili laonekana jepesi. Mwenye njaa hupewa chakula; mgonjwa hupewa dawa; aliyeunguliwa na nyumba hupewa miti na nyasi za kuezekea, na majirani huja kumsaidia kusimamisha nguzo. Basi, asiye na baraza kwa nini asipewe baraza? Lakini tuangalie vema. Chakula ukiisha kukila kimekuwa mwili wako, wala hakimkumbuki aliyekupa. Baraza si hivyo. Baraza lililosimamishwa na mtu wa nje laweza kuketi miaka mingi likimtazama yeye usoni kabla ya kutamka neno. Hapo wanaoketi ni sisi, lakini baraza ni lake.

Watu wamegawanyika katika jambo hili. Wako wasemao, "Wageni wakae kwao, mambo ya nyumba hayamhusu mpita njia." Wako na wasemao, "Bila wageni hatuwezi kitu. Wao ndio wenye fedha na maarifa." Sisi twadhani pande zote mbili zimesema upesi mno. Afadhali tutazame yaliyotukia katika milima hii ya Uluguru na mji wa Morogoro ulio chini yake, maana hapa petu tumekuwa katika hali zote mbili: tumewekwa chini ya ulinzi wa wageni baada ya vita, na sisi wenyewe tumekuwa wenyeji wa watu walioikimbia nchi yao.

Tuanze na vita vilivyofika mlangoni petu. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yaliingia Morogoro. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, wakashika njia za kusini kwa kuizunguka milima, wakaelekea Kisaki. Ugomvi ule ulizaliwa Ulaya, wala hakuna Mluguru aliyeuanzisha. Lakini wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, chakula kikatolewa ghalani, na mashamba yakakaa bila mikono. Katika Afrika Mashariki nzima wapagazi waliokufa katika vita vile wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, mataifa yaliyoshinda yaliunda Shirikisho la Mataifa. Katika sharti la 22 la mapatano yao walisema ya kuwa watu wa nchi zilizotolewa katika milki za walioshindwa, wasioweza bado kusimama peke yao, watunzwe na mataifa makubwa kama amana. Mwaka 1922 nchi yetu, iliyokuwa imeanza kuitwa Tanganyika, ikathibitishwa mikononi mwa Uingereza kwa masharti hayo. Amana ni neno zito, nasi twalijua tangu zamani. Mtu akikuwekea mbuzi wake huna ruhusa ya kumchinja, na siku mwenyewe ajapo kumdai, wamrudisha pamoja na wanawe.

Walakini amana yataka mtu wa kuuliza habari zake. Kila mwaka Waingereza walipeleka taarifa Geneva kwa kamati ya Shirikisho. Lakini kamati ile haikuja nchini kuona kwa macho, na mwananchi aliyekuwa na malalamiko juu ya serikali ilimpasa kuyapitisha kwa serikali ile ile. Ni kama kumshtaki jirani yako kwa barua, na tarishi wa kuipeleka ni jirani mwenyewe.

Tena lipo jambo la kustaajabisha. Jenerali Smuts mwenyewe, mwezi wa Desemba 1918, alitoa kijitabu juu ya Shirikisho la Mataifa, akashauri utunzaji wa namna hii kwa watu waliotoka katika milki zilizovunjika za Ulaya na Uturuki. Lakini juu ya makoloni ya Ujerumani katika Afrika alisema ya kuwa watu wake hawawezi kujitawala, wala hakuutaka mpango ule kwa ajili yao. Naye ndiye jemadari aliyepita kando ya milima yetu miaka miwili tu kabla ya hapo.

Laiti angaliketi akauliza, angalisikia kwamba Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja, lakini hawakuwa watu wasio na utaratibu. Kila ukoo, ukihesabiwa kwa upande wa mama, ulikuwa na ardhi yake na mkubwa wake aitwaye mndewa. Yeye aligawa mashamba na kuamua ugomvi wa mipaka, tena aliamua kati ya watu wa ukoo wake waliomjua tangu utoto. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa hata mbali kwa ajili ya mvua, lakini heshima ya mvua haikumpa amri juu ya mashamba ya koo nyingine. Huko ndiko kujitawala kwetu kulikokuwako. Kulikuwa na kasoro zake, kama ulivyo kila utawala wa wanadamu, lakini kulikuwa na mizizi.

Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925, alitaka wenyeji watawaliwe kwa njia ya wakubwa wao wenyewe, na sheria ya mwaka 1926 ikaweka serikali za wenyeji. Nia hiyo, kwa maneno yake, ilikuwa njema. Lakini serikali hupenda kusema na mtu mmoja. Mahali pasipokuwa na mkubwa wa wote, alitafutwa wa kuwekwa juu ya wote, akapewa cheo, mshahara na mahakama. Basi koo nyingi zikajikuta chini ya mtu ambaye ilimpasa kumtazama aliyemlipa kuliko wale aliowaamua. Hatusemi kwamba masultani wa Uluguru walikuwa watu wabaya. Twasema waliwekwa mahali ambapo hata mtu mwema hawezi kuwa mwaminifu kwa pande mbili.

Ugumu huo ulidhihirika katika habari ya matuta. Mwaka 1950 ulianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Nasi tuseme kweli: sababu yake haikuwa ya uongo. Mvua za milimani huchukua udongo, na mito yetu huenda kuungana na Ruvu, ambao maji yake leo hunywewa hata Dar es Salaam. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao, na asiyechimba aliadhibiwa. Upande wa Mgeta, ambako watu hulima mboga kwa kumwagilia, matuta yalifaa. Upande wa Matombo mambo yalikuwa mengine: wakulima walisema ya kuwa kuchimba kumeuleta juu udongo mbovu wa chini, na rutuba imezikwa. Walisema, lakini aliyeletewa maneno hayo hakuwa na ruhusa ya kuyakubali, maana amri ilikuwa imekwisha kutoka. Julai 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Kisha mpango ule ukaachwa.

Tafakarini jambo hili, wasomaji. Kulinda udongo ni kazi njema, na mwenye shamba ndiye wa kwanza kuitaka. Lakini kazi hiyo njema iliishia katika damu, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kusema, "Hapa petu haifai, tufanye namna nyingine." Hata ukweli, ukiletwa pasipo shauri, humfikia msikiaji kama dhuluma.

Lakini miaka ile ile yalitukia mengine ambayo yatuonyesha upande wa pili. Baada ya vita vya pili Umoja wa Mataifa ulichukua mahali pa Shirikisho, na tangu mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya Baraza lake la Udhamini. Jambo moja kubwa lilikuwa limebadilika: wajumbe wa Baraza walikuja wenyewe nchini, mara ya kwanza mwaka 1948, na mwananchi aliweza kuliandikia Baraza, hata kwenda kusimama mbele yake. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kunena habari ya Wameru waliohamishwa katika ardhi yao. Ardhi hawakurudishiwa, lakini kilio chao kilisikika ulimwenguni, na Tanganyika yote ikajua kwamba mlango ule upo. Machi 1955, miezi michache kabla ya msiba wa Matombo, Mwalimu Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza hilo.

Basi wageni wale walitusaidia kwa lipi? Hawakutufundisha kuketi barazani, tulijua. Hawakutuchagulia wakubwa. Walitupa mahali pa kusema habari za anayetutawala, mbele yake, pasipo yeye kuwa tarishi wetu. Msaada ule haukuwa mkono, ulikuwa sikio. Nasi twaona ya kuwa sikio lile lilitufaa kuliko mikono mingi iliyokuja kutupangia mashamba.

Sasa tugeuke, maana ni rahisi kuhesabu makosa ya wageni tukayasahau mambo yetu. Ilifika siku nasi tukawa ndio tuombwao msaada. Katika Afrika Kusini, nchi ambayo Smuts aliitawala kama waziri mkuu hata mwaka 1948, Waafrika walinyimwa haki katika nchi yao, na chama chao cha ANC kilipigwa marufuku mwaka 1960. Watu wake wakatawanyika. Mwaka 1967 vijana wao wapiganaji waliingia Rhodesia wakapata mapigano makali. Baadhi ya waliorudi, wakiwa na uchungu, wakaandika waraka wa kuwashutumu viongozi wao kwamba wamestarehe ugenini na kuisahau vita. Kwa ajili ya hayo na mengine, chama kikaitisha mkutano mkubwa, nao ulifanyika hapa Morogoro tangu tarehe 25 Aprili hata 1 Mei 1969. Watu walinena kwa ukali. Oliver Tambo, mkuu wao, alijiuzulu mbele ya mkutano, na mkutano wenyewe ukamrudisha kitini.

Tazameni ajabu ya mambo. Katika mji ule ule ambao jemadari wa Afrika Kusini aliuingia kwa silaha mwaka 1916, watu wa nchi yake aliowaona hawafai kujitawala waliketi miaka 53 baadaye wakiwauliza viongozi wao hesabu. Na sisi Watanzania tulifanya nini? Tulitoa mahali. Nyumba ilikuwa yetu, shauri lilikuwa lao.

Miaka minane baadaye, mwaka 1977, serikali yetu ilikipa chama kile shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na mji, ili wasome vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Shule ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wasweden, Wanorwe na watu wa mataifa mengine walitoa fedha na mafundi. Baadaye kikaongezwa kijiji kingine huko Dakawa. Mwaka 1992, walipokwisha kufunguliwa mlango wa kwao, walituachia majengo yote, na leo Mazimbu ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mzee wa Morogoro aweza kwenda kuyaona makaburi ya wale ambao hawakuwahi kurudi.

Hapa twaweza kujisifu, lakini tusijisifu upesi. Mwaka 1989, huko Dakawa, wakimbizi walichagua kamati yao ya kuwasemea; na katika waliochaguliwa walikuwamo watu waliopata kufungwa na chama chenyewe katika kambi za Angola kwa sababu ya kupinga viongozi. Viongozi wa juu hawakupendezwa, wakaivunja kamati ile. Waliotoa fedha za kujenga nyumba, na sisi tuliotoa ardhi, tulikuwa tumempa nani? Tulidhani tumewapa watu. Kumbe mara nyingi msaada hukabidhiwa mkubwa, na mdogo hubaki akitegemea moyo wake. Hilo ni funzo lisilopendeza, lakini ni la kweli. Haitoshi kuuliza kama mkubwa wa wenyeji aweza kumkatalia mgeni. Yafaa kuuliza pia kama mdogo aweza kumkatalia mkubwa wake, na mgeni atafanya nini siku hiyo ikifika.

Jirani zetu wa Burundi waweza kulishuhudia hilo. Mapatano yao ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mpatanishi alikuwa Mwalimu Nyerere. Na alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela, wa chama kile kile kilichoketi Morogoro, akashika mahali pake. Mataifa mengi yalisaidia, na mwaka 2005 kila kilima cha Burundi kikachagua baraza lake la watu watano. Hilo lilikuwa jambo jema sana kwa nchi iliyolia miaka mingi. Lakini mwaka 2015 damu ilimwagika tena kwa ugomvi juu ya nani atawale, na kwa muda gani. Mabaraza ya vilima yalikuwako. Lakini hayakuwa na nguvu juu ya yale yaliyoamuliwa na wakubwa.

Msidhani, ndugu zetu, ya kuwa haya ni mambo ya majenerali na vyama tu. Yaja hata mlangoni pa shule. Tuungame la kwetu. Miaka michache iliyopita walikuja wageni katika kijiji tunakofundisha, wakiwa na nia ya kutuletea bomba la maji, pamoja na mafundisho ya utawala mwema. Desturi ni kwamba jambo kama hilo lipelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima, mwanamume na mwanamke, ana haki ya kusema. Siku ile mawingu yalikuwa yamejikusanya, gari la wageni lilitaka kushuka kabla njia haijateleza, na waliofika mkutanoni walikuwa wachache. Tuliombwa tuandike muhtasari. Tukaandika ya kwamba kijiji kimekubali kwa kauli moja. Hatukupokea kitu kwa ajili ya hayo. Tulifanya kwa haraka, na kwa hofu ya kuukosa msaada.

Tangi likajengwa katika ardhi ambayo ukoo mmoja ulikuwa haujaitoa. Haukupita muda mrefu bomba likapasuka, na ilipotakiwa fedha ya fundi hakuna aliyechanga, kila mtu alisema, "Hilo ni la wageni." Bibi mmoja wa ukoo ule alitukuta njiani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, kisha akasema, "Mwalimu, nasikia karatasi yako yasema nilikubali. Nilikubali siku gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulizoea kufundisha watoto habari za Matombo, tukiwalaumu watu wa zamani walioamuru matuta bila kuuliza. Kumbe sisi tumefanya kwa kalamu lile ambalo wao walilifanya kwa amri. Tumemsemea mtu neno la kukubali ambalo kinywa chake hakikulitamka. Wala wageni wale hawakutushurutisha. Twajua sasa ya kuwa mgeni mwenye haraka hawezi kuliharibu baraza mpaka apate mwenyeji wa kumsaidia.

Baadaye walikuja wageni wengine na shauri jingine. Safari hiyo mkutano uliomba majuma mawili ya kutafakari, nasi tukaandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Wageni wale walikuwa na siku zao za kumaliza fedha. Wakaenda kijiji kingine. Hata leo wako watu wanaotulaumu, nao si wajinga. Mama achotaye maji mbali, na mtoto mgongoni, haoni faida ya muhtasari wa kweli. Lawama hiyo yatuuma, maana hatuwezi kumwambia kwamba kiu yake ni ndogo. Mtu akisema ya kuwa mwombaji hachagui, ajue kwamba ni mithali inayotamkwa mara nyingi na wasioomba. Lakini ajue pia kwamba njaa ya kweli huwasemesha hivyo hata waombao.

Je, tulitenda vema? Twadhani ndiyo, ingawa si kwa moyo mwepesi. Kijiji kilichokosa bomba chaweza kulitafuta tena mwakani. Lakini kijiji kilichozoea kusemewa huja kikasahau sauti yake, na siku ya shida kubwa, siku ya vita au ya kunyang'anywa ardhi, kikiitafuta sauti hiyo hakiioni. Nguo ya kuazima haisitiri, nalo baraza la kuazima halilindi.

Katika Maandiko iko habari ambayo twaisoma mara nyingi bila kuiangalia kwa upande huu. Yethro, kuhani wa Midiani, alimwendea mkwewe Musa jangwani. Waisraeli walikuwa watu waliotoka utumwani juzi, na kabla tu ya hapo walikuwa wamepigana na Waamaleki. Yethro alimwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni peke yake. Angalieni alivyofanya mgeni yule. Kwanza aliuliza kwa nini inafanywa hivi. Kisha akatoa shauri lake, lakini akaliacha chini ya mapenzi ya Mungu na hiari ya Musa. Tena hakushauri waletwe waamuzi kutoka Midiani, bali wachaguliwe watu waaminifu kati ya Waisraeli wenyewe. Na aliyewachagua si yeye. Mwisho wake, alipokwisha kusikilizwa, akarudi nchini kwake. Hakujenga nyumba kando ya hema la Musa apate kuangalia kama shauri lake lafuatwa.

Basi turudi kwenye swali letu la kwanza. Kujitawala hakupewi mtu na mwingine. Mgeni hawezi kuleta baraza katika sanduku, hata kama sanduku ni zuri na mgeni ni mwema. Lakini si kweli ya kuwa hana la kufanya. Aweza kutoa mahali salama pa kuketi, kama Morogoro ilivyotoa mwaka 1969. Aweza kuwa sikio la wasiosikilizwa na watawala wao, kama Baraza la Udhamini lilivyokuwa. Aweza kuchangia fedha ya kazi ambayo wenyeji wenyewe wameichagua. Na aweza kuondoka kwa wakati.

Nasi wenyeji tuna yetu ya kufanya, maana tusimtwike mgeni mzigo wote wa lawama. Kwanza, tuhudhurie mikutano yetu. Mkutano wenye watu kumi hauwezi kumzuia mwenye haraka. Pili, tusiogope kumwambia mgeni, "Tupe siku za kufikiri," na tumwambie kwa heshima, kama watu wa nyumbani. Tatu, tumwulize hesabu ya fedha aliyoileta kwa jina letu, maana amana isiyoulizwa huliwa. Nne, tuwaulize hesabu viongozi wetu kwa sauti ile ile tunayoitumia kwa wageni, wala tusiwavumilie wao kwa sababu ni wa damu yetu. Na sisi tushikao kalamu, walimu na makarani, tuandike yaliyosemwa tu.

Bibi yule bado yuko hai. Mwezi uliopita, mkutano mkuu ulipoketi, alikuja akakaa mbele, karibu na meza tuliyokuwa tukiandikia. Hakusema mengi. Ilipofika zamu ya kusomewa yaliyoandikwa, aliinua mkono akaomba jambo moja lisomwe tena. Tukalisoma tena, polepole, akatikisa kichwa na kusema, "Sivyo. Andika upya." Tukafuta, tukaandika upya, na watu wote wakangoja.